Jibu: Kisakinishi kinagoma kwenye saini

Kaka, umesema programu yako ya kupokelea korosho za AMCOS (ushirika wa wakulima) hapo Masasi inajengeka vizuri, ila Inno Setup, programu ya kutengeneza kisakinishi, inasimama kwenye kusaini kidijitali, ikidai seva ya muhuri wa muda (inayothibitisha saini iliwekwa lini) haikufikiwa. Usikimbilie kununua cheti kipya cha kusainia.

Kwanza ondoa /tr na /td (sehemu zinazoomba muhuri wa muda) kwenye amri ya SignTool, kifaa cha Windows cha kusaini, ubakishe /fd SHA256, ujaribu tena. Ikipita, cheti na tokeni (kifaa cha USB kinachotunza ufunguo wa kusainia) ni vizima. Shida ni mtandao au seva yenyewe ya muhuri. Ila toleo hilo usimpe mtu: bila muhuri wa muda, saini inakufa siku cheti kinapoisha, na makarani wa ghala wataanza kuonywa na Windows katikati ya msimu.

Inno Setup husaini kiondoaji (faili la kuifuta programu), kisha kisakinishi chenyewe, kwa hiyo seva huulizwa mara mbili. Intaneti ya huku kwetu ikiyumba, kazi yote inaweza kuanguka. Kwenye skripti yako ya Inno Setup, pandisha SignToolRetryCount (idadi ya kujaribu tena) kutoka 2 ya kawaida hadi 10, na SignToolRetryDelay (muda wa kusubiri kati ya majaribio) kutoka milisekunde 500 hadi 5000. Hiyo ndiyo dawa ninayoiamini zaidi.

Kama inakataa hata bila /tr, geukia tokeni. Tangu Juni 2023 ufunguo wa siri wa vyeti vipya lazima ukae ndani ya kifaa maalumu cha usalama, kwa hiyo kwa vyeti hivyo njia ya zamani ya kuweka ufunguo kwenye faili la .pfx haipo tena. Na tafadhali usibahatishe nywila ya tokeni. Tokeni nyingi hujifunga ukikosea mara kadhaa.

Bado ikigoma, bandika hapa ujumbe mzima wa kosa.