Ile hisa ya 12 na ile ya 480

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema umefungua jedwali la bei za soko la hisa, ukakuta kampuni moja hisa yake ni 12 na nyingine ni 480, na unaniuliza kama si afadhali ununue ile ya 12 upate nyingi. Nimefurahi umeuliza kabla hujatoa pesa. Mimi nilipoanza sikumuuliza mtu.

Bei ya hisa moja haikuambii kama kampuni ni ghali au rahisi, kwa sababu kampuni yenyewe ndiyo huamua umiliki wake ukatwe vipande vingapi. Mwaka 2020 Apple waligawa kila hisa kuwa nne. Aliyekuwa na hisa 10 akawa na 40, kila moja ikiwa na thamani ya karibu robo ya ile ya awali, na utajiri wake ukabaki palepale. Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, hawajawahi kuzigawa hisa zao za daraja A, ndiyo maana moja tu huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola.

Kwa hiyo zidisha bei kwa idadi ya hisa zote. Tuseme ile ya 12 ina hisa bilioni 1: soko linaithamini bilioni 12. Ile ya 480 ikiwa na hisa milioni 10, thamani yake ni bilioni 4.8. Uliyoiona ndogo ndiyo kubwa.

Halafu tazama safu iliyoandikwa P/E, yaani bei ikigawanywa kwa faida ya mwaka ya kila hisa. Ikiwa ile ya 12 ilipata faida ya 0.40 kwa hisa, unalipa 30 kwa kila 1 ya faida. Ile ya 480 ikipata 60, unalipa 8 tu. Lakini usikimbilie hiyo 8, maana huenda wanunuzi wanaogopa kwamba faida ya mwakani itapungua. Ukikuta kistari mahali pa namba, mara nyingi kampuni ilipata hasara.

Safu iliyoniumiza mimi ni ya gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa. Niliona asilimia 14 nikanunua siku hiyohiyo. Sikujua kwamba asilimia hiyo ni gawio la mwaka uliopita likigawanywa kwa bei ya leo. Gawio la 7 kwa bei ya 100 ni asilimia 7; bei ikianguka hadi 50, jedwali linaonyesha 14, na hakuna aliyeongezewa hata senti. Miezi michache baadaye kampuni ile ilisitisha gawio. Bado inaniuma, kwa kuwa ile pesa nilikuwa nimekuwekea wewe.

Bei ya juu na ya chini ya wiki 52 itazame tu ujue hisa ilikopita. Idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo ina uzito zaidi: kama ni 300 tu na wewe una 5,000, siku ukihitaji pesa utamuuzia nani, na kwa bei gani?

Sasa tafuta ripoti za mwaka za kampuni zako mbili, uandike idadi ya hisa na faida ya miaka mitano. Ukimaliza nipigie, tupige hesabu pamoja kabla hujazungumza na dalali.

Mama yako