Jibu: Mboga za majani Minneapolis, Agosti si kuchelewa

Dada, umeuliza kama mwanzo wa Agosti umeshachelewa kupanda mboga huko Minneapolis, Marekani. Hujachelewa, ila mchicha usahau. Mchicha unataka joto, na jalidi ya kwanza, ule umande unaoganda, kwa kawaida huja kwenu mwanzoni mwa Oktoba na kuulaza chini usiku mmoja.

Nguvu zako weka kwenye sukuma wiki. Ukipata miche, heri zaidi. Kama una mbegu tu, sia leo leo: inahitaji kama siku 60 kufikia kuchumwa, na ongeza wiki mbili kwa sababu Septemba mchana unafupika, mboga inakua kwa kujivuta. Baridi ya kiasi haiisumbui. Tena ikipigwa na jalidi mara moja mbili, wanga hugeuka sukari na jani huwa tamu kuliko la Julai. Chuma majani ya chini, kilele uache.

Spinachi subiri katikati ya mwezi, maana udongo ukiwa wa moto mbegu hazioti. Mwagilia jioni, funika kwa gunia, ufunue mara tu zinapochungulia.

Adui hasa wa sukuma ni vipepeo weupe. Geuza jani uone: vijiyai vya manjano, kimojakimoja, na kiwavi wa kijani amejilaza juu ya mshipa wa katikati, rangi ileile, humwoni mpaka umguse. Funika tuta kwa chandarua tangu siku ya kupandikiza. Hata kile cha mbu kikuukuu kinafaa, mradi hakijatoboka.