Barafu ya Mbwa

Swali: Watoto wanampa mbwa wetu aiskrimu, kisha anahara. Nimpe nini badala yake? (Mama, Uyole, Mbeya)

Jibu: Pole dada. Mbwa wengi wazima hawaimudu sukari ya maziwa. Mimi humpondea wangu ndizi mbivu ya Tukuyu, ile yenye madoa meusi, nikachanganya na maji na vijiko viwili vya mtindi usiotiwa sukari, nikamimina kwenye trei ya barafu. Kipande kimoja kwa siku. Akipewa, hukibana kwa miguu ya mbele na kulamba hadi sakafu inang'aa!

Zabibu, chokoleti na zailitoli, sukari mbadala ya kwenye bazoka, usithubutu dada: zinaua. Maparachichi yamejaa Rungwe, lakini kokwa likimezwa huziba utumbo.