Jiko dogo la umeme Mwanza: tazama kwanza LUKU yako ina bei gani

Mkuu, nimekuelewa. Umepanga Buhongwa, mko wanne, mnatumia mkaa na mtungi mdogo wa gesi, na unauliza kama haya majiko madogo ya umeme ya kuweka mezani yanaokoa hela au yanamaliza LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mimi niko Nyegezi, nimeyapikia ya aina kadhaa, na nakwambia nunua. Ila ujue unanunua lipi, na la kupikia nini.

Dukani wengi wanaangalia wati kwenye boksi. Wakiona 1,000 wanarudisha, wakiona 600 wanabeba. Wati zinakuonyesha kasi ya kula umeme tu. Unacholipia ni kasi hiyo mara muda. Jiko la koili la wati 1,500 likiwaka mfululizo saa mbili limekula uniti tatu (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja). Presha kuka ya umeme ya wati 1,000 inawaka kwa nguvu mwanzoni, presha ikishapanda inajizima na kujiwasha kidogo kidogo, kwa sababu joto limefungiwa ndani na halina pa kutokea. Nimesoma mita kabla na baada ya kupika: nusu kilo ya maharage yaliyolala kwenye maji haimalizi nusu uniti. Hata kwa bei ya T1, nitakayoieleza huko chini, hiyo haifiki Sh 180. Kwa mkaa, sufuria hiyo hiyo kwangu ilikuwa haiivi chini ya buku.

Na sisi wa huku tuna sababu ya ziada ambayo sijaona mtu akiitaja. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya Mwanza yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100 kama ya Dar. Ukiweka mkaa mwingi zaidi maji hayazidi kupata joto, yanazidi kukauka tu. Ndiyo maana makande na maharage yanatusumbua kuliko ndugu zetu wa Pwani. Ndani ya presha kuka joto linapanda kufika kama 110, na hapo ndipo muda unapokatika kweli. Umeme ukikatika presha ikiwa imeshapanda, usifungue. Acha hivyo hivyo, chakula kinaendelea kuiva kwa muda mrefu.

Sasa bei, na hapa ndipo jibu langu linaweza kugeuka. Mteja wa D1, yule wa matumizi madogo ya nyumbani, analipa Sh 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, inakuwa Sh 122. Wa T1, yule wa matumizi ya kawaida, analipa Sh 292, na makato hayo yakiingia inafika kama Sh 356. Wa D1 akivuka 75, kila uniti ya ziada ni Sh 350 kabla ya makato, na akizoea kuvuka anahamishiwa T1. Uniti 75 kwa mwezi ni kama mbili na nusu kwa siku, na friji dogo peke yake linaweza kula karibu uniti moja kwa siku. Ukiongeza maharage, wali na maji ya chai, umefika mbili na kitu. Taa na TV bado hujazihesabu. Kwa hiyo kama uko D1, pika kwa umeme vile vinavyochelewa kuiva na ulinde hiyo 75 yako. Na kama mko wapangaji wengi kwenye mita moja, zungumzeni kabla hujaleta jiko ndani, au fundi akufungie mita ndogo ya chumba chako. Nimeona majirani wakinuniana kwa sababu ya heater ya maji, sembuse jiko.

Jiko la koili la plate moja au mbili usinunue kwa ajili ya kuokoa. Ni rahisi kununua, ghali kulitumia, maana joto jingi linaishia hewani. La indaksheni, linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, ni zuri zaidi, lakini sufuria zetu nyingi ni za alumini na halizitambui. Nenda na sumaku: ikinasa chini ya sufuria, itafanya kazi. Rice cooker ni nafuu na kwa wali inatosha kabisa.

Gesi usiiuze. Ugali, hasa wa udaga (muhogo uliovundikwa), unataka sufuria iliyotulia na mkono wenye nguvu, na bakuli la presha kuka linazunguka ukisonga. Sato wa kukaanga naye anataka moto wa wazi unaouona. Kwangu gesi imebaki ya hivyo viwili na chai ya haraka, na mtungi unakaa muda mrefu kuliko zamani.

Jambo ambalo naomba sana usilipuuze ni waya. Wati 1,500 ni karibu ampea saba, na ekstensheni nyembamba za mtaani hazihimili hizo kwa saa nzima. Chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, na kama soketi inapata moto au inanuka, ita fundi kabla ya kupika tena. Jioni umeme ukiwa mdogo jiko litachelewa, usidhani limeharibika.

Nunua LUKU ya Sh 5,000 baada ya kodi ya jengo ya mwezi kuwa imeshakatwa. Ukipata uniti kama 41 uko D1, ukipata 14 uko T1. Rudi utuambie umepata ngapi na mnapika maharage mara ngapi kwa wiki, tukupigie hesabu yako kamili.