Kabla ya kukodi mashua Lamu, tazama mwezi

Juzi dada mmoja msomaji ameniandikia: "Tuko watu 6, tuna siku 4 Lamu. Nipangie njia ya magofu ya Takwa na visiwa vya Pate na Kiwayu, na kila saa nijue tuko wapi." Nilicheka, kisha nikaumia. Maneno hayo yalikuwa yangu miaka mitatu iliyopita.

Mimi ndiye mpangaji katika ukoo wetu. Harusi, matanga, Krismasi ushago, yote hupitia kwangu. Tulipokodi mashua, ratiba ilikuwa kwenye simu dakika kwa dakika: kuondoka saa 2:30 asubuhi tukishakunywa chai na mahamri, adhuhuri Pate, jioni Kiwayu. Usiku wa kuamkia safari, nahodha aliutazama mwezi mpevu ukipanda juu ya kisiwa cha Manda akaniambia, "Mwanangu, kesho tutoke alfajiri." Nikamjibu kwamba chai ya hotelini imeshalipiwa. Akanyamaza. Mzee wa pwani akinyamaza hivyo, jua umeshakosea.

Ukienda Pate unapita Mkanda, njia nyembamba ya maji kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Sisi tuliingia saa 3. Nilisikia mkuku, ule uti wa chini ya mashua, ukikwaruza, mashua ikalala ubavu taratibu, birika likamwagikia begi la wifi yangu. Maji yakazidi kutukimbia mpaka tukabaki na tope jeusi, na vikaa vyenye gando moja kubwa vikitupungia. Nahodha akafunika uso kwa kofia, akalala. Tulikaa pale masaa 4. Kiwayu hatukuiona safari ile, na hadi leo nikianza kupanga jambo lolote wifi husema, "Kapteni Tope ametoa amri." Nimeshamsamehe, au niseme nakaribia.

Safari ya pili ilikuwa Februari, na hapa niacheni nijisifu. Niliketi kwanza na nahodha yule yule, kalenda ya mwezi mkononi, ndipo nikalipia vyumba. Kwa kuwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, tulichagua kutoka siku ya 3 baada ya mwezi mpevu, yakijaa asubuhi watu wakiwa macho. Na kwa kuwa ilikuwa kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki, tulianza na kule mbali, Kiwayu, tukipambana na upepo kwa mashine, kisha tukarudi tanga limejaa: Faza, Siyu penye ngome na gati ya Mtangawanda, zote kisiwani Pate, na mwisho Takwa kisiwani Manda, ambako kijito cha mikoko hakiingiliki maji yakipwa. Tulipopita Mkanda, nahodha alipunguza mashine akanyoosha kidole majini: "Mwanangu, kiwanja chako kiko chini hapo."

Kwa hiyo dada, njia sikupangii. Tazama mwezi. Ukishautazama, muulize nahodha, na akikujibu, mtii. Sisi watu wa bara tuna ugonjwa wa kudhani tukishalipa, hata bahari imepewa risiti. Ukija wakati wa kusi, upepo utokao kusini, kwenda Kiwayu ni mteremko, kurudi ndiko kwenye jasho, basi siku ya akiba iweke mwishoni. Usalama wa kule juu, upande wa Kiwayu, uulize siku zile zile za safari, si mwezi kabla. Pate usishikilie kushukia mjini. Shuka Mtangawanda, mwende kwa miguu. Na tazama mwezi, narudia, maana najua utaniletea tarehe ulizopewa likizo ofisini.

Bei patana jioni, mkiwa mmekaa. Mafuta ya mashine yahesabiwe kando, na maji ya kunywa chukueni mara mbili ya mnayodhani yatawatosha. Yetu yaliisha saa 5 asubuhi, mashua ikiwa bado imelala ubavu.