Maswali na Majibu ya Wasomaji: Boti ya kuvulia isiyomchosha mvuvi

SWALI: Papa wa safu hii, jambo sana. Mimi ni fundi seremala hapa Bukavu, upande wa Nguba. Baba yangu amevua sambaza, wale samaki wadogo wa taa, kwa miaka mingi juu ya zile pirogi (mitumbwi) tatu zinazofungwa pamoja kwa miti, na sasa mgongo na magoti vinamuuma. Nimenunua mbao za libuyu ili nimtengenezee boti moja ya mita 8, ya watu wanne, nyavu zao, taa na injini ya nguvu za farasi 15. Nimechora upana wa mita 1.30 ili iende mbio, na kibanda cha mbao cha kupumzikia. Je, baba ataona raha ndani yake?

JIBU: Mwanangu, jambo. Mchoro wako una ukarimu, lakini kwa upana huo na kibanda hicho, baba yako atakaa usiku kucha akishikilia ubavu wa boti, na mgongo utauma kuliko zamani. Pirogi tatu hazikupendwa bure tangu sambaza walipoletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Zimesambaa juu ya maji, kwa hiyo hazilali upande kwa urahisi wakati wavu unapoinuliwa. Kasoro yake ni kwamba mtu hana pa kuweka mwili wake, maana hukaa juu ya mti wa mkaratusi huku miguu ikining'inia au ikilowa. Boti yako inapaswa kuhifadhi utulivu ule na kuondoa adha hii.

Anza na upana. Uwezo wa boti kupinga kulala ubavu hufuata upana wa pale inapokatwa na uso wa maji, ukizidishwa upana kwa upana kwa upana; kwa hiyo ukitoka mita 1.30 ukafika 1.90, uwezo huo huongezeka zaidi ya mara tatu. Usivuke hapo sana, kwa sababu boti pana mno hurudi wima kwa kishindo kila wimbi linapopita, na kishindo hicho ndicho kinachovunja kiuno cha mzee. Mbio usizihangaikie: boti nzito ya mita 8 huanza kupanda wimbi lake yenyewe ikifika karibu kilomita 12 kwa saa, na zaidi ya hapo unachoma mafuta tu. Kumbuka pia kwamba ziwa letu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, na injini ya farasi 15 hutoa kama 13. Chagua rafadha (panga la injini) yenye mkato mdogo, yaani inayosogea kidogo kwa kila mzunguko, injini isije ikakwama boti ikijaa.

Sasa mwili wa mvuvi, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Kabla ya kukata ubao wowote, chora boti nzima uani kwa vigingi na kamba, kisha mkalishe baba yako ndani. Nilipofanya hivyo na wavuvi wa jirani, nilikuwa nimeweka kiti kwenye urefu wa kiti cha mezani. Mzee mmoja akashika kamba iliyofungwa kwenye mwembe, akaivuta mara kumi bila kusema neno, kisha akashuka akakaa kwenye gogo fupi akavuta tena. Magoti yake yalipata pa kusukumia, mabega yakatulia. Tulipima gogo lile: sentimita 32. Tangu siku hiyo sikuchora tena kiti kutoka kichwani. Kwa anayevuta wavu amesimama, ukingo wa boti umfikie pajani. Ubavu wa sentimita 80, ukiwa na sakafu ya vibao iliyoinuliwa sentimita 20, humwachia 60 za kuegemea. Sakafu hiyo iwe ya kuondolewa, ili maji yapite chini yake na mtu ayachote bila shida.

Maji hayo usiyadharau. Sentimita 5 tu zikitanda kwenye sehemu ya chini ya boti yenye mita 6 kwa 1.30 ni karibu kilo 390, nazo hukimbilia upande ule ule ambao boti imelalia. Gawanya sehemu ya chini kwa mbao ndefu za kutoka mbele hadi nyuma zenye mianya midogo, weka betri ya taa, mafuta na makasha ya samaki katikati na chini, kisha utaona boti inavyotulia.

Kibanda cha mbao kiache. Hukamata upepo na kupandisha uzito juu, na tufani za msimu wa mvua hazitoi nafasi ya kukivunja. Pinda matao matatu mepesi upande wa omo (mbele ya boti), utandike turubai inayofungika na kufunguka upesi. Na nakusihi: mbabula (jiko la makaa) isiingie chini ya turubai hata kama baridi ni kali, kwa sababu moshi wa makaa usioonekana humuua mtu usingizini bila hata kumwamsha.

SWALI: Pirogi yangu ya mbao ina miaka mitatu tu na imeanza kuoza kwa ndani, wakati sehemu inayokaa majini bado ni ngumu. Kosa ni la mbao? (Msomaji wa Idjwi)

JIBU: Inawezekana mbao ziliunganishwa zingali mbichi, ndiyo maana namshauri fundi yeyote apime kipande kimoja kila wiki kivulini, asianze kazi hadi uzito wake ukome kupungua. Lakini adui mkubwa kwenye ziwa la maji baridi ni mvua inayotuama ndani, kwenye kona za mataruma (mbavu za pirogi). Toboa njia ya maji chini ya kila taruma. Na mwezi unapokuwa mpevu, sambaza hawakusanyiki vizuri kwenye taa. Siku hizo zitumie kuipandisha pirogi pwani, uigeuze kifudifudi juu ya magogo, uikaushe, ndipo utie kalafati mpya.