Mezani kwa Mjalidi: Kanga ya mama, gundi ya seremala

Barua nyingi mwezi huu zimeuliza jambo moja, namna ya kutengeneza kitabu cha picha chenye jalada gumu nyumbani. Nimejalidi vitabu kwa miaka 22, kwanza kwenye chumba cha ujalidi cha maktaba, sasa kwenye meza ya kulia chakula hapa Tanga. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo inayobeba kazi yote.

Shikamoo mama. Mama yetu alifariki mwaka jana. Tuko ndugu wanne na nataka kila mmoja apate kitabu cha picha zake. Studio moja ilinitengenezea cha majaribio. Masika hayajaisha, kurasa zikaanza kuchomoka moja moja. Nina printa ya wino wa tangi, na nina doti moja ya kanga zake, jina lake "Nani kama mama". Kushona vitabu sijui. Nitaweza?
*Kitinda mimba, Morogoro*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Utaweza, tena bila sindano.

Kwa unavyoeleza, hicho kilikuwa kitabu cha karatasi moja moja zilizopakwa gundi mgongoni tu. Karatasi nzito ya picha inayong'aa haishikwi hivyo. Kila ukifungua, ukurasa unavuta, na siku moja unaachia. Wewe fanya hivi: chapa upande mmoja tu wa karatasi ya A4 iliyolazwa, kisha ikunje katikati, picha zikiwa ndani. Karatasi 20 zilizokunjwa hivyo, zikibandikwa mgongo kwa mgongo, ni kitabu kizima. Kila ukifungua unaona karatasi moja isiyokatika katikati, na kitabu kinalala wazi mezani bila kushikiliwa.

Kabla ya kuchapa, jua nyuzi za karatasi zimeelekea wapi. Karatasi ni kama ubao, ina upande inaokubali na upande inaokataa. Kata kipande cha mraba cha sentimita 5, kiwekee alama ya upande uliokuwa mrefu, kisha kiloweshe uso mmoja kwa kidole. Kitajiviringisha kama mkeka. Lile bomba linalojitengeneza limelala sambamba na nyuzi. Mkunjo wa kitabu lazima ufuate nyuzi hizo. Kwa kawaida A4 ya dukani nyuzi zake zimefuata urefu, kwa hiyo ukiikunja katikati unazivunja, na wino unapasuka kwenye mkunjo. Nunua A3 ambayo nyuzi zimefuata urefu, ikate katikati kuwa A4 mbili. Sasa nyuzi zimefuata upande mfupi, na mkunjo utatii. Nawaona watu wengi wakiruka hatua hii, halafu wanailaumu gundi.

Chagua karatasi isiyong'aa, ya gramu 160 hadi 200. Acha sentimita moja na nusu tupu pembeni, na uso wa mama usikae kwenye mkunjo. Kunja kwa kubonyeza na mgongo wa kijiko. Panga karatasi zako, na juu na chini weka karatasi moja nyeupe iliyokunjwa. Hizo ndizo zitakazoshika jalada. Gongagonga karatasi zote pamoja mezani mpaka mikunjo yote ilingane, bana kati ya mbao mbili, mikunjo ichungulie milimita moja. Paka gundi nyeupe ya maseremala, isukume iingie kati ya mikunjo, bandika kipande cha bendeji ya shashi kinachozidi sentimita 3 kila upande, kisha paka tena juu yake. Kikikauka, zibandike karatasi zinazopeana migongo kwenye ukingo wa nje tu, ukanda wa sentimita moja wa gundi nyembamba. Usipake karatasi nzima, itajikunyata kama ngozi iliyokaa majini.

Jalada ni kadibodi ya kijivu ya milimita 2. Usitumie boksi la katoni lenye mawimbi. Kwa kitabu cha A5 kata mbao mbili za kadibodi, kila moja milimita 145 kwa 216, na ukanda wa mgongo wenye urefu huohuo. Upana wa mgongo ni unene wa kurasa zako ukijumlisha milimita 4. Karatasi 20 za gramu 200 hutoa kurasa za unene wa milimita 10 hivi, basi mgongo ni 14. Acha bawaba ya milimita 8 kila upande wa mgongo. Kitambaa kiwe sentimita 36 kwa 25.6, ili kibaki sentimita 2 za kukunjia ndani pande zote. Pembe zikate mshazari, ukiacha milimita 3 kutoka kwenye ncha ya kadibodi. Ukikata hadi kwenye ncha, kadibodi itachungulia.

Sasa kanga. Gundi hupenya pamba na kutokeza upande wa juu kama doa la mafuta, kwa hiyo kanga lazima ivishwe karatasi kwanza. Kanga mpya ungeifua kutoa dondo. Ya mama imeshafuliwa miaka, dondo limekwisha. Jaribu rangi tu kwa kubonyeza kitambaa cheupe kibichi juu ya nyekundu. Ikitoa, usiiloweshe, pigia pasi kavu na utumie gundi ya ngano nzito. Isipotoa, ilaze kifudifudi juu ya marumaru safi ikiwa na unyevu kidogo, nyoosha mpaka mistari ya pindo iwe rula. Chemsha kijiko kimoja cha unga wa ngano kwa vijiko vitano vya maji mpaka uwe uji mzito, upoe, upake kwenye karatasi nyembamba, uilaze juu ya kanga na kuisugua toka katikati kwenda nje. Kesho yake kanga na karatasi vinabanduka kwenye marumaru vikiwa kitu kimoja.

Pima jina kabla ya mkasi. Jalada lote, nyuma, mgongo na mbele, lina sentimita 32 zinazoonekana. Jina likiwa ndani ya kipimo hicho, liache litembee kutoka nyuma hadi mbele. Likizidi, usilikate neno. Tumia pindo au mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga. Na doti ina kanga mbili: kata moja tu. Kanga moja inatosha majalada manne na kubaki. Ya pili ikae nzima, mtajua wenyewe itakaa kwa nani.

Ukishabandika kanga kwenye kadibodi, ingiza kurasa, paka gundi kwenye zile karatasi nyeupe na mabawa ya bendeji, funga kitabu, weka nailoni kati ya jalada na kurasa. Kilaze chini ya uzito, mfano ndoo iliyojaa maji, saa 24. Usikifungue kuangalia. Najua mkono utawasha.

Mama, kitabu nilichojalidi mwenyewe kimepinda jalada kama tanga lililojaa upepo, na ndani kuna madoa ya kijivu yanayonuka. Nilikosea wapi?
*Msomaji, Kizingo, Mombasa*

Maji, mwanangu, kwa magonjwa yote mawili. Kitambaa kikikauka kinasinyaa na kuvuta kadibodi kwenda nje. Karatasi ya ndani nayo ikikauka inavuta kuirudisha. Ndiyo maana pande zote mbili zipakwe gundi, na nyuzi za kadibodi, kitambaa na karatasi zote zisimame kutoka juu kwenda chini. Ukibandika nje tu ukaacha ndani, au nyuzi moja ikalala, jalada litapinda na hakuna jiwe litakalolinyoosha.

Madoa ni ukungu. Ulikifunga kikiwa kibichi. Kipeleke nje penye kivuli na upepo, ziba pua na mdomo, kipanguse kwa brashi laini kavu. Kisha kisikae kwenye ukuta unaotazama nje, wala kabatini palipobanana. Vile vifuko vidogo vinavyokuja na viatu vipya vinafyonza unyevu, viweke.

Wala usikate tamaa kwa sababu ya bahari. Siyu, kisiwani Pate, mafundi wa karne ya 19 walinakili misahafu kwa mkono na kuijalidi kwa ngozi, katika unyevu huohuo, na baadhi ipo mpaka leo.

Nina albamu ya baba, ya miaka ya 80, ile yenye kurasa za kunata na plastiki juu. Picha za Unguja zimeshikamana na kurasa na zimeanza kuwa njano. Nataka kuziingiza kwenye kitabu kipya. Nitazibanduaje?
*Muscat*

Polepole, na kwanza usizibandue. Inua plastiki, piga picha kila ukurasa karibu na dirisha bila flashi, au uskani kwa 600 dpi, yaani nukta 600 kwa inchi, ili hata mkono ukiteleza sura zibaki. Gundi ya albamu hizo ndiyo inayozila picha. Kisha pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya pembe moja, ukiusukuma kama msumeno, bila kuinua picha. Moto na maji viweke mbali. Isipokubali, iache ilipo na kata ukurasa kuizunguka.

Na kwa penseli laini, nyuma ya kila picha, andika majina. Mwulize shangazi aliye hai leo, usisubiri likizo. Nimejalidi albamu zenye watu 40 wasiojulikana, na mteja amekaa mbele yangu akilia kwa sababu aliyewajua amezikwa mwezi uliopita.

Picha nilizotumiwa na ndugu kwa WhatsApp zinatoka na ukungu kwenye karatasi, sura hazionekani vizuri. Printa ni mbovu?
*Nairobi*

Printa ni nzima. Picha zimepunguzwa njiani. Kwa uchapaji mzuri unahitaji nukta 300 kwa inchi, yaani picha ya upana wa sentimita 12 inataka nukta 1,400 hivi. Simu ya megapikseli 12 hutoa nukta 4,000 kwa 3,000, zinazotosha kujaza A4 nzima. Waombe ndugu wazitume upya kama faili, kwa njia ileile ya kutuma hati, na zile ambazo hazipatikani tena zichape ndogo, nne kwa ukurasa.